Inchi Zilizopungua

Karani Adelard Kamugisha alifika shuleni Temeke kwa baiskeli Jumatatu ya mwisho ya Oktoba, mwaka 1951. Alikuwa kijana wa Bukoba, miaka ishirini na sita, na mgongoni alikuwa amejifunga bomba la bati la kubebea ramani. Alingoja chini ya dirisha la darasa la tatu mpaka Mwalimu Anselmo Kapinga alipomaliza kusahihisha hesabu za ubaoni na kutoka nje.

"Shikamoo, Mwalimu. Natoka ofisi ya vipimo vya mvua."

"Marahaba, marahaba." Anselmo alifuta chaki mikononi kabla ya kumpa mkono. "Miaka ishirini nawaletea kadi kila mwezi, hajapata kuja mtu hata kuiona chupa yenyewe. Karibu sana."

Alifurahi kweli. Kila siku saa tatu asubuhi alikuwa akivuka uwanja hadi kwenye kopo la shaba lililochimbiwa ardhini upande wa mashariki wa shule, anatoa chupa iliyomo ndani, anamimina maji ya mvua katika kioo chenye mistari, anasoma inchi na sehemu za mia za inchi, anaandika. Siku kavu aliandika sifuri, kwa sababu alifundishwa tangu mwanzo kwamba sifuri nayo ni kipimo. Alipougua, mkewe Avelina alikwenda badala yake, na siku hizo zilikuwa na herufi A ndogo pembeni.

Kamugisha hakutaka kwenda kuona chupa. Aliomba meza. Katika chumba cha walimu alitandaza karatasi ndefu, akaibana upande mmoja kwa kengele na upande wa pili kwa sanduku la chaki.

"Hii ni mvua yako, tangu 1931 mpaka mwaka jana. Mwaka mmoja peke yake hautuambii kitu, maana mvua inapanda na kushuka. Kwa hiyo tunachukua wastani wa miaka mitano, tunausogeza mwaka baada ya mwaka, ndipo tunaona hali ya hewa inaelekea wapi."

Anselmo aliinama. Mstari ulikwenda tambarare hadi mwaka 1939. Baada ya hapo ulishuka, ukashuka tena, wala haukurudi juu.

"Tumepoteza inchi kumi," alisema.

"Kumi na moja. Bwana Penrose, mkubwa wangu, anasema kunaweza kuwa na mambo mawili. Ama hali ya hewa ya upande huu imebadilika, ama..."

"Ama mimi naandika uongo."

"Sikusema hivyo, Mwalimu."

"Umepanda baiskeli kutoka mjini kuja kuuliza hilo hilo."

Kamugisha alisogeza kengele juu ya karatasi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba afadhali ingekuwa hivyo, maana Bwana Penrose hamdhanii mwalimu uongo hata kidogo. Anaziamini kadi zake mno. Amekwisha andika katika taarifa yake kwamba mvua imepungua kwa sababu watu wa bonde la Mkuyuni, nyuma ya Keko, wamefyeka vichaka vyote vya mteremkoni wakalima. Anashauri nyumba sitini na mbili zihamishwe, miti ipandwe. Taarifa itafika mbele ya kamati tarehe saba Desemba.

"Nimeipiga chapa mwenyewe," alisema Kamugisha. "Nilipofika kwenye ile sitini na mbili mkono ukawa mzito. Nikaona nije niulize kwanza."

Anselmo aliketi. Wanafunzi wake thelathini walitoka Mkuyuni.

*

Juma lile lile askari wa misitu walipita bondeni na ndoo ya chokaa, wakachora msalaba mweupe kwenye kila mlango. Mwamvita, mjane aliyelima mchicha na mpunga na kuuza mboga kwa mafundi seremala wa Keko, alimkuta Anselmo njiani akamsimamia mbele.

"Wanasema ni daftari lako, Mwalimu. Wanasema wewe ndiye uliyewaambia mvua imekwisha."

"Nimeandika ninachokipima tu, Bi Mwamvita."

"Na mie napima. Mpunga wangu mwaka jana ulisimama mpaka hapa." Alijigusa kiunoni. "Sasa mwenye haki ni kikopo chako au ni miguu yangu iliyokuwa ndani ya maji?"

Anselmo alimpisha njia akaenda nyumbani. Usiku ule alitoa nakala zake zote, akazipitia mwezi kwa mwezi akitafuta kosa. Hakuliona. Avelina alimwambia apumzike, akasema sawa, akaendelea.

Njia ya kutokea aliipata Kamugisha. Katika jalada la zamani aliona barua ya mwaka 1929, ikieleza kwamba shamba moja la minazi la Kimbiji lilimpa mwenye duka aitwaye Aidarus kipimo cha mvua. Kadi zake zilikuja miaka mitano, zikakoma shamba lilipofungwa. Lakini kama mtu yule aliendelea kupima mwenyewe, wangepata kitu cha kulinganisha. Hali ya hewa ikibadilika, alieleza, haibadiliki juu ya uwanja wa shule mmoja. Majirani nao huiona.

Jumamosi walivuka Kigamboni na baiskeli mbili. Njia ilikuwa mchanga mtupu, na mara nyingi walizisukuma. Walifika Kimbiji alasiri, wakaelekezwa duka la mabati lenye chumvi na mafuta ya taa mlangoni. Aidarus alikuwa amefariki tangu 1944. Aliyekuwa nyuma ya kaunta ni mjane wake, Bi Wahiba binti Muhdhar, mwanamke wa makamo, mtandio mweusi begani, miwani imefungwa uzi.

Aliwakaribisha, akawapa maji, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hapana.

"Wakati wa vita walikuja watu wa serikali kuhesabu punda. Wakasema ni kuhesabu tu. Mwezi wa pili yake wakaja na kamba, wakachukua wangu wawili. Madaftari yapo. Hayatoki humu ndani."

"Hatutayachukua, Bi Wahiba," alisema Kamugisha. "Tutanakili tu."

"Yameandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtanakili nini?"

Kamugisha alimtazama Anselmo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezijua herufi hizo. Kivuko cha mwisho kilikuwa kimekwisha wapita, na siku za kufika tarehe saba zilikuwa zinahesabika.

Anselmo aliomba jambo moja tu, kuona kipimo. Bi Wahiba akasita, akamwita jirani amshikie duka, akawapitisha uani. Kopo lilikuwa katikati ya mchanga mtupu, mbali na nyumba, mbali na minazi, limezungushiwa makumbi ya nazi ili kuku wasilikaribie. Anselmo alipiga magoti. Alilaza kiganja juu ya mdomo wa kopo kuona kama limelala sawa. Lilikuwa sawa kabisa.

"Siku isiyo na mvua unaandikaje?" aliuliza.

"Naandika hakuna. Marehemu alikuwa mkali kwa hilo. Siku nikiacha wazi alikuwa ananiuliza kama nililala mpaka jioni."

Anselmo alicheka, mara yake ya kwanza tangu Jumatatu ile. Akaanza kumwuliza habari za chupa kujaa wakati wa masika, na wadudu wanaoziba faneli, na jinsi ya kusoma kioo macho yakianza kuchoka. Waliongea pale mchangani mpaka Kamugisha akachoka kusimama. Waliporudi dukani, Bi Wahiba alifungua kasha akatoa madaftari tisa.

"Nitasoma mie. Nyie andikeni. Akija mnunuzi mnasubiri."

Alisoma Jumamosi mpaka macho yalipokataa, akasoma Jumapili tangu alfajiri. Anselmo alikosa misa, jambo ambalo hakulifanya tangu harusi yake. Kuna mahali Bi Wahiba alinyamaza katikati ya mwezi wa Februari 1944. Alikuwa amefika siku ya mazishi ya mumewe. Hata siku ile mvua ilikuwa imepimwa. Alirekebisha miwani, akasoma: sifuri nukta tatu moja.

*

Jumatatu jioni walimaliza hesabu. Kimbiji ilikuwa na miaka mizuri na mibaya. Mwaka 1943, mwaka wa njaa, ilishuka sana, na mvua ya shuleni ilishuka nayo. Lakini kwa jumla mstari wa Kimbiji haukwenda popote. Kamugisha aligawanya mvua ya shule kwa mvua ya Kimbiji, mwaka baada ya mwaka. Mpaka 1939, Kimbiji ikipata inchi mia, shule ilipata tisini na mbili. Baadaye themanini na nane, themanini na moja. Mwaka jana sabini.

Aliondoka na karatasi zile akipiga mluzi. Kesho yake adhuhuri alirudi, uso umebadilika.

"Bwana Penrose alinikasirikia kwanza kwa kwenda bila ruhusa. Kisha akazitazama hesabu kwa muda mrefu. Akasema zinathibitisha alichoandika. Kimbiji hawakufyeka, haikukauka. Huku wamefyeka, kumekauka. Ameongeza mvua ya Kimbiji kwenye taarifa."

Anselmo alifunga daftari lake. Walikuwa wamekwenda wenyewe kuchukua kamba ya kuwafungia watu wa Mkuyuni.

Siku tatu baadaye, asubuhi, yalipita manyunyu yaliyosukumwa na upepo kutoka kaskazini mashariki. Anselmo alikwenda kwenye kipimo akiwa amejifunika gunia. Alipofika aliliteremsha, maana halikuwa na kazi. Mvua ilikuwa inapita juu yake. Upande wa pili wa uwanja ardhi ilikuwa imelowa, imebadilika rangi. Pale aliposimama palikuwa na matone machache tu. Aliinua macho. Mbele yake ilisimama mivinje kumi na minne, minene, imeungana kama ukuta, inavuma.

Aliipanda mwenyewe na darasa la nne, mwaka 1936, ili upepo usiwapulizie watoto vumbi. Ilikuwa haifiki gotini. Kila asubuhi aliipita, na kwa kuwa aliiona kila siku, hakuiona ikikua. Maelekezo ya kipimo, ambayo aliyajua kwa moyo, yalisema mti uwe mbali mara mbili ya urefu wake. Hii ilikuwa hatua nane.

Alirudi darasani akawapa watoto imla. Miaka kumi na miwili ya kazi yake ilikuwa na kasoro, na kasoro aliipanda yeye. Mchana aliandika barua kwa Bwana Penrose akaeleza yote hayo, akatia sahihi. Avelina aliisoma kabla haijafungwa.

"Watakunyang'anya kipimo," alisema.

"Huenda."

*

Bwana Penrose alikuja mwenyewe, na gari. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye haya, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini cha adabu. Alizunguka mivinje mara mbili, akapima kivuli cha miti kwa hatua. Kisha akamwambia Kamugisha ateremshe kopo jipya, likachimbiwa katikati ya uwanja, hatua sitini kutoka lile la zamani.

"Mwalimu, wewe unasema ni miti. Mimi nasema ni bonde. Kama bonde limekauka, makopo haya mawili yatapata mvua sawa. Kama ni miti, jipya litapata zaidi. Nataka mvua tano, kila moja zaidi ya robo inchi. Zije kabla ya kamati."

"Na zisipokuja?"

"Basi nitasema ninachojua leo."

Siku za kwanza zilikuwa kavu. Anselmo aliandika sifuri mbili kila asubuhi, moja chini ya nyingine. Watu wa Mkuyuni walijua, maana habari haikufichika, na waliopita njiani walisimama kuyatazama makopo kama watu wanaongoja mgonjwa. Tarehe kumi na saba ikanyesha. Kopo la zamani: sifuri nukta sita moja. Jipya: sifuri nukta nane sifuri. Anselmo alisoma mara tatu. Mvua ya pili na ya tatu zilikuja zikifuatana, na zote zilisema vile vile: la zamani lilipata kiasi cha robo tatu ya jipya. Ya nne ilikuja tarehe thelathini.

Kisha jua. Tarehe moja, mbili, tatu, nne. Mwamvita alikuwa akipita alfajiri na tenga la mchicha kichwani, hasemi kitu, anatazama mbingu tu.

Usiku wa kuamkia tarehe sita ilinyesha, si sana. Saa tatu asubuhi Anselmo alisoma kopo la zamani: sifuri nukta nne sifuri. Moyo ukampanda. Ilitosha. Alivuka uwanja haraka hadi kwenye jipya, akatoa chupa, na chupa ilikuwa imejaa hadi mdomoni, maji mengine yamemwagikia ndani ya kopo. Alipima yote. Inchi moja nukta tisa saba.

Aliinua kioo kwenye mwanga. Maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu, na chini yake mchanga ulikuwa unatulia. Hayakuwa maji ya mvua. Kando ya kopo palikuwa na nyayo za miguu mitupu, zikitoka njiani na kurudi njiani, na jani moja la mchicha limekanyagwa.

Karatasi ilitakiwa iwe mjini kabla ya saa sita. Anselmo alikaa chumba cha walimu na kalamu mkononi. Jibu alilijua. Ukigawanya nukta nne sifuri kwa zile robo tatu, unapata nukta hamsini na tatu. Hiyo ndiyo mvua iliyoanguka uwanjani usiku ule, kwa hakika, au karibu yake sana. Aandike hamsini na tatu, mvua tano zimetimia. Nje watoto wa Mkuyuni walikuwa wanaimba jedwali la saba. Alichovya kalamu, wino ukakauka, akachovya tena.

Mwishowe aliandika: Kopo jipya, maji yameongezwa na mtu. Hakuna kipimo.

Alipanda baiskeli akaipeleka mwenyewe. Bwana Penrose aliisoma akiwa amesimama, Kamugisha nyuma ya taipureta yake ameacha kupiga.

"Nani ameongeza?"

"Sikuona mtu, Bwana. Niliona maji ya kisima na nyayo."

"Lakini unajua."

"Nimeandika nilichokiona."

Bwana Penrose aliitua karatasi mezani, akainyoosha kwa kidole. "Niliomba mvua tano."

"Ndiyo, Bwana. Ziko nne."

Hakuambiwa kitu kingine. Alirudi Temeke jua likiwa kali, akampitia Mwamvita shambani. Mwanamke yule alikuwa ameinama, akaendelea kung'oa magugu mpaka alipomaliza tuta.

"Niliona inakupungukia," alisema bila kuinuka. "Nikasema nikusaidie."

"Umenipunguzia ile moja tuliyoipata."

Ndipo aliposimama wima. Aligeuza uso akatazama mlango wake wenye msalaba. Anselmo alitaka kumgombeza, maneno alikuwa nayo tangu mjini, yakamwishia pale pale. Alimwambia tu kwamba jina lake hakulitaja, akaenda zake.

*

Ijumaa ilipita bila habari. Jumamosi asubuhi Kamugisha alikuja mbio mpaka mnyororo wa baiskeli ukamtoka getini. Bwana Penrose alikuwa ameingia katika kamati na mvua nne, akasema hazitoshi kuthibitisha maneno ya mwalimu, lakini zinatosha kumfanya yeye asiiamini tena sura ya taarifa aliyoiandika mwenyewe kuhusu Mkuyuni. Aliichomoa ile sura mbele yao. Kamati haikupenda. Iliahirisha jambo la Mkuyuni mpaka baada ya masika, na misalaba ikaachwa milangoni.

Masika ya 1952 yalileta mvua ishirini na tatu za kupimika. Avelina alilinda kopo jipya kwa zamu na Mwamvita, ambaye alijitolea mwenyewe na hakuna aliyemkatalia. Kila moja ilitoa robo tatu ile ile, au karibu. Mwezi Agosti barua ilikuja: nyumba sitini na mbili zingebaki. Hakuja mtu kufuta chokaa. Kila mwenye mlango aliikwangua mwenyewe.

Mivinje haikukatwa, ingawa watu walitaka kuikata siku ile ile. Bwana Penrose aliomba isiguswe miaka miwili zaidi, makopo yote mawili yaendelee, ili wajue kwa uhakika ni kiasi gani cha kurudishia miaka iliyopita. Kwa hiyo Jumamosi nyingi Kamugisha alikuja Temeke, wakaketi na Anselmo wakipitia miaka kumi na miwili, mwezi kwa mwezi. Tarakimu za zamani ziliachwa kama zilivyo. Zilizosahihishwa ziliandikwa pembeni kwa wino mwekundu. Kulikuwa na siku ambazo Anselmo aliziangalia zile za zamani kwa muda mrefu kabla ya kugeuza ukurasa.

Mwishoni kabisa Bwana Penrose alifika na Kamugisha, akamletea ukurasa wa maelezo ya kituo. Iliandikwa humo kwamba kipimo kilikingwa na miti iliyopandwa karibu mno, mwaka 1936. Aliuliza kama mwalimu angependa maneno hayo yapunguzwe.

Anselmo alichukua kalamu akaongeza baada ya mwaka: na A. Kapinga, mwangalizi wa kituo.

Avelina alisoma begani mwake. "Ungeweza kuacha hivyo hivyo. Nani angeuliza?"

"Karani mwingine, siku moja. Atataka kujua ilipandwa na nani, na kwa nini." Akafikiri kidogo, akaandika sababu pia: kuwakinga watoto na vumbi. Kisha akampa Kamugisha karatasi ikauke vizuri kabla ya kukunjwa.